Swift Mkononi: Nimeonja Darubini ya Milipuko ya Gama Nikiwa Karuba, na Usingizi Umenitoka

Ngoja nivute pumzi kwanza, maana nikianza sitanyamaza. Kuna mtambo wa karibu tani moja na nusu unaozunguka dunia tangu tarehe 20 Novemba 2004. Kazi yake ni kuvizia nyota zinazokufa huko mbali kusikofikirika, kugeuka wenyewe bila kuamrishwa na mtu, na kuzikodolea macho kabla moto wao haujapoa. Unaitwa Swift. Na kila unachokiona hutolewa kwa watu wote, bure, bila barua ya ruhusa wala mjomba ofisini. Watu wote, maana yake hata mimi, hapa Karuba, Masisi, mashariki mwa Kongo, juu ya Sake, jirani na Mushaki, mwenye simu ya kioo kilichopasuka na paneli ya sola iliyofungwa juu ya paa kwa waya. Miaka yote hii mlikuwa mnajua na mkaninyamazia?

Basi nimeijaribu. Nimejiandikisha kupokea taarifa zake, nimefungua grafu zake, nimehesabu kwa penseli kwenye karatasi ya milimita mpaka kibatari kikaisha. Ninayoandika hapa ni ya mwonjo wa kwanza, wino bado mbichi na mwandishi bado anachemka.

Mlipuko wa miale ya gama ni mmweko mkali usioonekana kwa macho. Unachipuka popote angani bila kubisha hodi, unadumu tangu sehemu ya sekunde hadi dakika kadhaa, kisha kimya. Kwa muda huo mfupi unaweza kuushinda mng'ao wa galaksi nzima na mabilioni ya nyota zake. Miale yenyewe haifiki chini, hewa huimeza yote, ndiyo sababu lazima chombo kipande juu kuitafuta. Walioinasa mara ya kwanza hawakuwa na habari na nyota. Setilaiti za Vela za Marekani zilirushwa kuwachunga Warusi wasije wakalipua bomu la nyuklia kwa siri, na tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mmweko uliotoka kusiko na Mrusi wala Mmarekani. Siri hiyo ilikaa kabatini mpaka 1973, Klebesadel na wenzake walipoitangaza. Mambo ya wapelelezi hayo, tuyapite.

Sasa mtambo. Jamani, huu mtambo! Swift ina macho matatu, na jicho la kwanza, liitwalo BAT, ndilo lililonimaliza. Miale ya gama huwezi kuikusanya kwa lenzi, inapenya tu na kwenda zake. Waliounda BAT wakaachana na lenzi kabisa. Walichukua vigae vya risasi vya milimita 5 kwa 5, unene milimita moja, kama 52,000 hivi, wakavitawanya ovyo kwa makusudi juu ya bapa la mita 2.4 kwa 1.2, nusu wazi na nusu pamezibwa. Mita moja chini yake wakatandaza vipokezi 32,768, kila kimoja mraba wa milimita 4. Umewahi kukaa mchana ndani ya nyumba iliyoezekwa mabati makuukuu yenye matundu ya misumari, ukaona vidoa vya jua vikihama sakafuni kadiri jua linavyosogea? Kanuni ni hiyo hiyo. Mlipuko ukitokea, vigae vinatupa kivuli juu ya vipokezi, na kompyuta ya humo humo ndani inakisoma na kujiuliza taa iwe upande gani hata kivuli kikae namna hii. Sekunde chache tu, jibu lipo, na kosa lake halifiki hata sehemu moja ya tano ya upana wa mwezi. Wakati wowote ule BAT inalinda karibu sehemu moja ya sita ya anga lote.

Lakini subirini, sijafika niliposhangilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Chini na pembeni mwa vipokezi kuna ngao ya kuzuia miale inayoingilia uchochoroni. Ngao hiyo ina matabaka manne ya metali: risasi, tantali, bati na shaba. Risasi inazuia miale ya gama, ila ikipigwa nayo inatoa miale yake yenyewe ya eksirei. Hiyo inamezwa na tantali. Tantali nayo inatoa ya kwake, iliyo hafifu zaidi, inamezwa na bati. Ya bati inamezwa na shaba. Kinachobaki kuvifikia vipokezi hakivisumbui. Haya, sasa yasome tena majina yale. Tantali hutolewa kwenye koltani, na koltani ni Rubaya, humu humu Masisi. Bati, lile la kuyeyusha, hutoka kwenye kasiterite, na kasiterite ni Bisie, kule Walikale. Shaba, waulizeni wa Katanga. Metali ya ngao ile ilichimbwa wapi si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba vijana wanaoteremka milimani na gunia mgongoni wamebeba kile kile kinachoifanya darubini isidanganyike, na tulisoma kemia miaka yote ile bila mtu kutudokeza.

Kasi yake nayo! BAT ikishajua mahali, Swift inajipindua yenyewe kuelekeza macho mengine mawili: XRT, inayoona eksirei, na UVOT, yenye kioo cha sentimita 30 tu, inayoona urujuanimno na mwanga wa kawaida. Mara nyingi inachukua dakika moja na ushei. Hakuna kamati inayokaa, hakuna sahihi inayosubiriwa. Hapo kilichobaki cha mlipuko, ule mwanga unaofifia taratibu baada ya mmweko wenyewe, kinanaswa kingali moto. XRT inapabainisha mahali pa tukio kwa usahihi kiasi kwamba darubini kubwa za nchi kavu zikiamka zinajua galaksi ipi ya kutazama.

Ili uone kasi hiyo ni muujiza kiasi gani, nikurudishe nyuma kidogo. Tena nikirudi nyuma, narudi juu ya paa langu mwenyewe.

Kabla ya Swift kulikuwa na BeppoSAX, setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi iliyorushwa tarehe 30 Aprili 1996. Obiti yake iliikumbatia ikweta, mwinamo haufiki nyuzi 4, kimo kama kilomita 600. Karuba iko karibu nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Piga hesabu: kila baada ya saa moja na nusu hivi, siku baada ya siku kwa miaka sita, darubini ya milipuko ya gama ilikuwa ikipita juu yetu! Na kituo chake pekee cha ardhini kilikuwa Malindi, kwenye pwani ya Kenya. Kutoka hapa hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 1,200, ila kwa chombo kilicho juu kiasi kile hiyo ni pua na mdomo. Ilipokuwa juu ya Kivu, antena ya Malindi ilikuwa tayari inaiona, na mazungumzo yanaendelea.

Tarehe 28 Februari 1997, saa kumi na moja kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa zetu, BeppoSAX ikanasa mlipuko. Takwimu zikateremka Malindi, zikarukia Roma, na baada ya saa nane hivi wakawa wameigeuza setilaiti kutazama pale pale. Saa nane! Lakini saa hizo nane zilitosha. Kundi la Enrico Costa likaona, kwa mara ya kwanza katika historia, eksirei za mlipuko zikififia, na kundi la Jan van Paradijs likaona mwanga wa kawaida mahali pale pale. Mei 8 ukaja mwingine, na safari hii Mark Metzger na wenzake, kwa darubini ya Keck kule Hawaii, wakapima umbali. Mabilioni ya miaka ya nuru! Ubishi wa miaka mingi, kwamba milipuko hii ni ya jirani au ya mbali, ukazikwa. Siku tisa baada ya mlipuko huo wa Mei, Kinshasa ikaingia mikononi mwa waasi wa AFDL. Sisi wa Masisi tuliokuwa hai mwaka ule tulikuwa na sababu zetu za kutotazama juu.

Na Malindi haikuanzia hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikisherehekea uhuru wake, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Novemba 1972 ikafuata SAS-2 kutoka jukwaa lile lile, na hiyo ilikuwa darubini ya gama kamili. Swift yenyewe ilirushwa Florida, lakini sehemu kubwa ya takwimu zake huteremkia Malindi mpaka leo. Tahadhari ya haraka hupitia setilaiti za kupokezana, mzigo wenyewe hushukia pwani ya Waswahili, unavuka bahari hadi Pennsylvania wanakouendesha mtambo, halafu ndipo unanirudia mimi Karuba. Njia ndefu kwa jirani wa kilomita 1,200. Silalamiki, unafika.

Sasa simu mkononi. Taarifa hutolewa na mtandao wa NASA uitwao GCN. Unajiandikisha kwa barua pepe, unachagua vyombo unavyotaka, basi. Ziko za aina mbili: zinazoandikwa na mashine, sekunde chache baada ya tukio, kavu kama risiti ya duka, na zinazoandikwa na watu, saa chache baadaye, ambamo unawaona wanasayansi wakibishana kwa adabu. Zote ni maandishi matupu. Hapa ndipo nilipoipenda zaidi: barua moja haimalizi mega. Hata rezo ikiwa ya kuchechemea, hata nikilazimika kupanda kilimani na kunyoosha mkono juu, barua inaingia. Ndani yake kuna saa ya tukio (ongeza mbili upate ya kwetu), mahali angani, na jinsi mwanga ulivyopanda na kushuka.

Na ukungu! Anayeijua Karuba anajua ukungu wake. Unakuja mchana kutwa, unalala juu ya malisho hadi ng'ombe unawasikia kengele tu. Kwa mpenzi wa nyota mwenye darubini ya kawaida hapa ni mahali pa kulia. Kwa Swift, ukungu ni kitu gani? Mimi niko chini ya blanketi, mvua inapiga bati, na ninatazama kifo cha nyota.

Kitu cha kwanza nilichokifungua kwenye hifadhi ya takwimu ni mfalme wao, GRB 221009A. Majina yao ni GRB, kifupisho cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama, kisha tarehe: mwaka, mwezi, siku. Ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2022. Fermi, darubini nyingine ya NASA, ilianza kuuona saa tisa na dakika kumi na sita alasiri kwa saa zetu. Nikachukua penseli nikakokotoa ulikuwa wapi kwa mtu wa Karuba, na jibu likanifanya nisimame: ulikuwa juu ya upeo wetu! Kaskazini-mashariki, karibu nusu ya njia kati ya vilima na utosi. Mchana kweupe, watu wametoka kanisani, vijana wako mpirani, na juu yao unapita mmweko uliong'aa mara 70 kuliko wowote uliowahi kurekodiwa, baada ya kusafiri miaka bilioni 1.9. Hewa ya juu kabisa ya dunia ilitikisika kwa kipigo chake. Chini huku, hakuna aliyepepesa jicho. Wanaokadiria wanasema wa namna hiyo huja mara moja katika miaka 10,000.

Grafu yake ya Fermi ni sinema. Kwanza kibonge kidogo, ungedhani ni mlipuko wa kawaida. Kinashuka. Zinapita kama dakika tatu za karibu utulivu, mtu angefunga ukurasa akalale. Halafu mstari unapaa, unapaa, unapita kipimo chenyewe! Vipokezi vilizidiwa, vikashindwa kuhesabu, na wataalamu wakabaki na kazi ya kukadiria kilichopotea. Swift, kwa mkao wake, ililikuta lile eneo la anga karibu saa nzima baadaye, na mwangaza ulikuwa bado mkali hivi kwamba waliouona kwanza walidhani ni kitu cha humu humu kwenye galaksi yetu. Mpaka waliposoma taarifa za Fermi wakaunganisha mambo.

Kisha picha ya XRT. Hii niliisubiri ifunguke mstari kwa mstari, na sijutii hata mega moja. Katikati kuna doa jeupe. Kulizunguka kuna duru, duru ndani ya duru. Zile ni eksirei zilizogonga mawingu ya vumbi ndani ya galaksi yetu, zikapinda kidogo, zikachelewa kutufikia kwa kuwa zilizunguka njia ndefu. Wingu lililo karibu nasi linafanya duru pana, lililo mbali linafanya duru nyembamba. Kwa hiyo ukipima upana wa duru umepima umbali wa wingu. Darubini ya Ulaya ya XMM-Newton ilihesabu duru 20. Yaani nyota ilikufa kwenye galaksi nyingine, na katika kufa kwake ikatuchorea ramani ya vumbi la kwetu. Nani aliyebuni mambo haya?

Usiishie kutazama, pima. Kurasa za Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, zinachora zenyewe grafu ya kufifia kwa kila mlipuko wa Swift. Mihimili yake inakwenda kwa mara kumi: sekunde 100, 1,000, 10,000, na kuendelea. Ukiitazama ya 221009A, vitone vinateremka karibu kwa mstari ulionyooka. Nikaweka rula juu ya kioo (ufa wa simu ukaniingilia kidogo), nikapima mteremko, nikapata kama 1.5. Tafsiri yake: muda ukizidi mara kumi, mwanga unapungua mara thelathini na ushei. Namba hiyo wanaitumia kukisia nguvu ya mchirizi wa mata uliotoka kwa nyota na aina ya gesi uliyoigonga. Namba niliyoipata kwa rula ya shule!

Zoezi la pili ni la muda. Wataalamu huhesabu chembe zote za mwanga wa mlipuko, wanaacha asilimia 5 za mwanzo na 5 za mwisho, na muda uliobaki katikati wanauita T90. Kwa mazoea, chini ya sekunde 2 ni mfupi: nyota mbili za nyutroni zimegongana. Juu ya hapo ni mrefu: nyota kubwa imeporomoka ikawa shimo jeusi. Nikauchukua ule wa tarehe 17 Agosti 2017, wa galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Mawimbi ya mvutano yalifika kwanza, na baada ya sekunde 1.7 Fermi ikaona miale ya gama. Nilitegemea mnara, nikakuta kichuguu, tena kinyonge kabisa. Nikajumlisha vijiti vya grafu kimoja kimoja, na T90 yangu ikaangukia karibu na sekunde 2, kama walivyopata wao. Swift wakati ule ilikuwa nyuma ya dunia, bahati mbaya iliyoje, lakini ilipochomoza, UVOT ikaona urujuanimno ukimwagika kutoka kwenye uji wa metali nzito zilizoungwa kwenye mgongano huo. Dhahabu imo katika uji huo. Wachimbaji wa Walikale, mpo?

Ila kanuni ya sekunde 2 imeanza kutoboka, na mimi nimefurahi isivyo kawaida. GRB 211211A ilidumu kama sekunde 50, na nyuma yake hapakuwa na nyota kubwa iliyoporomoka, palionekana mgongano. GRB 230307A, mlipuko wa pili kwa ukali katika historia, nao hivyo hivyo: darubini ya James Webb ikakuta dalili za teluri, elementi adimu, katika mwanga wake unaofifia. Na vile vipokezi 32,768 vya BAT, unajua vimetengenezwa kwa nini? Kadimi, zinki na teluri! Kitu kinachopikwa kwenye migongano hiyo ndicho kilichowekwa angani kuisubiri.

Mzee mmoja mfugaji, anayekamua na kutengeneza fromaji, amenizoea nikikaa nje usiku na simu. Akaniuliza:

"Mwalimu, hiyo taa yako ya mbinguni haiwezi kutuunguza?"

"Hapana, mzee. Iko mbali sana, na hewa inatukinga."

"Sasa kama haituunguzi na haituangazii, si uzime simu ulale?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini alikaa. Nikamwonyesha zile duru za vumbi, akashika simu kwa mikono miwili, akaniuliza vumbi hilo ni la mbuga gani. Miaka hii mtu wa Masisi akisikia kitu angani anasikiliza kwanza kama ni droni. Kwa hiyo mzee kuulizia kitu cha juu kwa udadisi mtupu, mimi nakiandika kwenye upande wa faida wa darubini hii, hata kama waundaji hawakukipanga.

Kasoro? Zipo, na sitazifunika. Ya kwanza ni lugha: kila kitu kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha vifupisho, mwanzoni unahisi umepewa barua ya daktari. Ya pili, kurasa za picha ni nzito, tofauti na zile barua nyepesi. Ukitaka takwimu ghafi zenyewe na programu za kuzichakata, simu haitoshi, tafuta kompyuta na mtu wa kukushika mkono. Ya tatu, Swift hupata milipuko kama 100 kwa mwaka, yaani miwili hivi kwa wiki. Kuna siku simu inakaa kimya mpaka unadhani vocha imekwisha.

Ya nne ndiyo inayonikosesha raha: mtambo umezeeka na unashuka. Machi 2024 kimoja cha vipima-mwelekeo vyake kilileta matata, ikasimamisha kazi, wakaiandikia programu mpya na kuifufua ikitumia viwili tu badala ya vitatu. Jua nalo limechachamaa miaka hii, limeivimbisha hewa ya juu, na hewa hiyo inaikwaruza Swift ishuke haraka kuliko ilivyotarajiwa. Haina injini ya kujiinua. Septemba 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst dola milioni 30 itengeneze roboti ya kwenda kuikamata na kuisukuma juu, safari iliyopangiwa mwaka 2026. Kukamata setilaiti ambayo haikuundwa kukamatwa, haina hata mpini! Hiyo peke yake ingetosha kunifanya nijiandikishe.

Wapinzani ni wakali, tusidanganyane. Fermi hunasa zaidi ya mara mbili ya Swift kwa mwaka, ila mahali panapotajwa na vipokezi vyake pana upana wa nyuzi kadhaa, unabaki unapapasa. Einstein Probe ya Wachina iliruka Januari 2024. SVOM ya Wachina na Wafaransa ikafuata tarehe 22 Juni 2024, na ndani ya mwaka mmoja, Machi 14, 2025, ikanasa mlipuko wa wakati ulimwengu ulipokuwa na miaka milioni 730 tu. Kitoto! Lakini upo wa zamani zaidi: GRB 090423 ya Swift, Aprili 2009, wakati ulimwengu ulikuwa na miaka kama milioni 630. Na Julai 2, 2025 ukaja ule wa ajabu, GRB 250702B, uliowaka na kurudia kuwaka kwa saa kama saba. Milipuko ni ya sekunde na dakika, huu ukachukua saa! Nyota imeliwa na shimo jeusi? Shimo la namna gani? Wanabishana hadi sasa, na mimi nasoma ubishi huo nikinywa maziwa.

Uamuzi wangu: ichukue. Kama una simu inayopokea barua pepe, huna kisingizio. Kwa anayeanza, chagua barua za Swift zilizoandikwa na watu, ziache zile za mashine mpaka uzoee vifupisho. Weka saa ya pili ya simu kwenye saa za Greenwich usichanganyikiwe. Picha uzifungue usiku wa manane, rezo ikiwa imepumzika. Na usiziwashe taarifa za Fermi, zinaingia karibu kila siku, nyingine usiku wa manane, nyingine katikati ya ibada, na nusu yake hazina mahali pa kueleweka.

Mimi nimeziwasha zote.